Nyumba ya Gerezani na kufuli lake

Mama alipofariki, arobaini yake haijafika, simu zilianza. Ya kwanza ilitoka kwa dalali, mtoto wa mtaani kwetu tunayemjua tangu anavaa kaptula. Alimpa pole kaka mkubwa vizuri tu, na kabla hajakata akauliza kama nyumba ya Gerezani "mmeshaijadili". Wiki iliyofuata akaja na mtu wake. Huyo mtu angevunja, angeinua ghorofa, fremu za chini angekula kodi yake miaka kadhaa, na sisi tungepewa sakafu moja juu. Aliyekulia Kariakoo anaijua hesabu hii. Nyumba za majirani zetu zimeondoka hivyohivyo.

Yetu ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo. Nani angeiita nyumba ya historia? Lakini asubuhi chumba cha mbele kilikuwa chuo, watoto wa mitaa mitatu wamesomea Kurani pale. Jirani akifiwa, masufuria yalipangwa kwenye ua wetu. Alhamisi ilikuwa siku ya upatu wa kina mama, na jioni baraza ilikuwa ya wazee na ubishi wao wa Simba na Yanga, ambao marehemu baba aliuchukulia kama kazi ya kuajiriwa.

Baba akaondoka. Mama akaanza kuumwa, nikamchukua kwangu Mbagala. Chuo kikahamia msikitini, kina mama wakatafuta ua mwingine, na mlangoni tukaweka kufuli. Tulidhani tunaitunza. Nilipoifungua baada ya miaka mitatu, bati lilikuwa limetoboka juu ya chumba cha mama na boriti mbili zimeliwa na mchwa.

Kwenye kikao cha familia nikasema tusiivunje, ni kumbukumbu ya wazee wetu. Kaka akanijibu taratibu, "Dada, kumbukumbu hailipi kodi ya ardhi." Sikuwa na neno. Na hakuwa na roho mbaya. Mdogo wetu wa mwisho ana madeni, na fungu lake la mirathi ni haki yake. Ningemwambia nini, akae na deni kwa sababu mimi napenda baraza?

Mwezi huohuo kikundi chetu cha akina mama kiliitwa kwenye semina ya ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Semina ilikuwa Mnazi Mmoja, ukumbi wa Anatoglo. Nimepita nje yake maisha yangu yote, maana kutoka kwetu ni mwendo wa miguu. Ndani sikuwa nimekaa hata siku moja.

Mama ndiye aliyekuwa na habari za Anatoglo. Alijifunza cherehani pale akiwa msichana, na alikuwa akisema alikwenda kushona lakini masikio yalikuwa kwenye muziki wa dansi. Ukumbi ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge, uwe kituo cha jamii kwa Waafrika wa mjini. Sisi tukalifupisha jina lake mpaka likawa letu. Ndimo humo Aprili 17, 1953 wanachama wa TAA walipochagua rais wao, Abdulwahid Sykes, mtoto wa Dar es Salaam, akishindana na mwalimu wa Pugu aitwaye Julius Nyerere. Nyerere akashinda. Mwaka uliofuata, Julai 7, TANU ikazaliwa mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, jirani tu na hapo.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza afisa akieleza jinsi ya kujaza fomu za marejesho. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Katika watu wote mle, sidhani kama kuna aliyekuja kwa sababu ya 1953. Tulifuata mkopo. Tulipotoka, kijana wa usafi alikuwa ameshaanza kupanga viti upya, kesho yake kulikuwa na kikao kingine. Nikasimama mlangoni nikimtazama. Ule ukumbi unafagiliwa kwa sababu kesho kuna watu. Mimi yangu nimeitia kufuli halafu nalia kwamba inaanguka.

Basi kikao cha pili sikutaja kumbukumbu. Nilikwenda na daftari. Vyumba viwili vya mbele tuwape mafundi cherehani wanaoshonea kwenye ngazi za maghorofa, wanaofukuzwa kila mvua ikinyesha. Ua na jiko tukikodishie kikundi chetu, tupike chakula cha mchana cha wenye maduka. Chumba kimoja kirudi kuwa chuo, bure. Kodi ya miezi sita ya kwanza iingie yote kwenye bati na boriti, baada ya hapo mdogo wetu achukue kwanza mpaka deni lipungue.

Kaka alilipitia daftari mara mbili. Akasema kodi ile haifiki hata robo ya anachoahidi yule mwekezaji. Ni kweli. Nikamwambia ya mwekezaji ni ahadi, na nyumba ikishavunjwa hatuna pa kumdai tukiwa tumekaa. Shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na baraza?" Kaka akacheka. Akatupa mwaka mmoja.

Mafundi wameingia wanne. Mmoja wao ameiona cherehani ya mama, ile ya kukanyaga, akaomba aitie mafuta. Nimemruhusu ila isitoke nje. Bati la chumba cha mama limebadilishwa, la ukumbini bado linavuja. Dalali hajachoka, anapiga kila mwisho wa mwezi, na kaka humjibu neno moja: "Juni."

Wazee wawili wamerudi barazani. Juzi walikuwa wanamlalamikia fundi kwamba redio yake ina kelele.