Mfungo Usiokuwa Mfungo

Katika nchi yetu ya Karagwe, mwili mnene haujawahi kuwa aibu. Mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika, aliandika habari za wanawake wa nyumba ya mfalme walionyweshwa maziwa hata wakashindwa kusimama kwa unene, na unene huo ndio uliokuwa uzuri wao. Mambo yamebadilika, lakini si yote. Nilipohamia hapa Nyakakika nikiwa mwembamba, washarika walinihurumia. Miaka sita baadaye, mkanda wangu ulipofika tundu la mwisho, mama mmoja alinipokea mlangoni kwake akicheka: "Mchungaji, sasa umekuwa mchungaji kweli! Watu wataona kwamba tunakutunza."

Daktari hakucheka. Mizani ilisoma kilo 98, na presha ilikuwa juu. "Punguza mwili, Mchungaji," aliniambia, "taratibu, lakini anza sasa." Ilikuwa wiki ya kuelekea Jumatano ya Majivu. Nilisikia lile neno "sasa". Lile la "taratibu" sikulisikia.

Nikajipangia utaratibu wangu mwenyewe. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana ndizi mbili na mboga za majani. Jioni maji. Ugumu ulikuwa katika kutembelea nyumba. Ninyi mnajua: huku kwetu mgeni hakatai chakula, na mchungaji akikataa, mwenye nyumba atajiuliza usiku kucha amekosa nini. Ndipo nikapata neno la kunitoa. "Nimefunga," nikasema. Ilikuwa Kwaresima, nani angeuliza zaidi? Sahani ikarudishwa jikoni kwa heshima, nami nikaletewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwa kuwa buni si chakula. Nikazipenda, maana zilituliza njaa. Nyumba tano kwa siku, kila nyumba buni za kutosha kiganja.

Wiki ya pili usingizi ulinitoka. Nilipanda kitandani saa nne nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima, lakini macho yakakataa kufumba. Saa sita nikasikia mvua ya masika juu ya mabati. Saa nane nikasikia mbwa wa jirani. Mke wangu alilala kando yangu kwa amani, nami, Mungu anisamehe, nikaukasirikia usingizi wake. Nikasema, basi nitautumia usiku kuomba. Nikapiga magoti, nikaanza na wagonjwa wa usharika, lakini kabla sijafika wa tatu nilikuwa nawaza maharage yaliyobaki kwenye sufuria. Mchana nikawa mkali. Katika kikao nilimjibu mzee wa kanisa, mtu wa umri wa baba yangu, kwa maneno ambayo singependa mwanangu ayasikie. Wazee walitazamana, kisha mmoja akasema kwa upole, "Tumvumilie Mchungaji, amefunga." Nilinyamaza. Hapo ndipo ningepaswa kusema kweli, nami sikusema.

Wiki ya nne nilimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu watatu peke yake. Shamba lake ni dogo na migomba yake imechoka. Alipoleta chakula nikasema neno langu lile. Akaweka sahani chini, akaketi karibu nami.

"Mchungaji, unafungia jambo gani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Nakuuliza ili niombe vizuri. Nilipoona unakonda, na macho yako yamekuwa mekundu, nikajua umebeba mzigo mzito kwa ajili yetu. Tangu wiki ya kwanza sili cha jioni. Nawapa watoto, mimi naomba pamoja nawe."

Ndugu zangu, nimesoma theolojia miaka mingi, lakini hakuna mtihani ulionipata kama huo. Bibi mwenye chakula kidogo alikuwa amekaa na njaa kwa sababu ya kitambi changu. Bwana wetu alituonya juu ya wale wanaokunja uso ili watu waone wamefunga. Mimi hata kufunga sikufunga. Nililiazima jina la mfungo ili nisione haya.

Nikamweleza yote: mizani, presha, buni, usiku bila usingizi. Nikamwomba msamaha. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Mimi sikukufungia wewe, nilifunga mbele za Mungu. Maombi yangu hayakupotea. Ya kwako ndiyo ya kutengeneza." Halafu akaisogeza sahani. "Sasa nawa mikono, tule."

Tulikula ndizi na maharage, yeye nami na wajukuu, sahani ndogo kwa kila mtu. Wiki ile nilimwendea yule mzee wa kanisa nyumbani kwake, na Jumapili nikasimama mbele ya usharika nikasema niliyowaficha. Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Wote walinisamehe.

Niliporudi kwa daktari alinieleza lililokuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kahawa ya kwetu, robusta, ina nguvu ya kukesha kama mara mbili ya ile arabika, nami nilikuwa naitafuna mpaka jioni. Mwili ulionyimwa chakula kupita kiasi hukosa utulivu, na asiyelala vizuri huzidi kuwa na njaa kesho yake. Sasa nakula jioni mapema, chakula kidogo chenye maharage; buni natafuna asubuhi tu; na kwenye nyumba nasema wazi, "Daktari ameniambia nipunguze, nipeni kidogo." Hakuna aliyekasirika. Kilo zinashuka polepole.

Katika Danieli sura ya 6 tunasoma juu ya Mfalme Dario, aliyelala bila kula, na usingizi ukamkataa, kwa kuwa alijua lililo ovu alilolitia muhuri. Mwenye amani usiku ule alikuwa Danieli, kule chini pamoja na simba. Na katika 1 Wafalme 19, Eliya alipotamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mungu aliyetuumba anaujua mwili. Hata Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anasema kufunga ni zoezi jema la nje, lakini anayestahili kweli ni yule mwenye imani. Na baada ya sala ya jioni anatuagiza tulale upesi kwa furaha.

Mpendwa msomaji, ukifunga, funga mbele za Mungu. Ukipunguza mwili, sema unapunguza mwili. Na usiku ukikukatalia, tazama kwanza ulichokula, kisha tazama ulichoficha.

Bwana, utupe leo riziki yetu kwa kiasi, moyo usio na la kuficha, na usingizi wa watoto wako. Amina.