Sehemu ya 6: Tumbo la Jumamosi na timu iliyofungwa mara 121

Niliahidi leo tuendelee na homa za usiku, lakini wengi mmeniandikia swali moja: "Nesi, mwanangu analalamika tumbo kila asubuhi, hospitali wanasema hana kitu. Nifanyeje?" Basi homa zitasubiri. Leo nawasimulia ya nyumbani kwangu, maana na mimi yalinikuta, na unesi wangu wote huo.

Kwa wageni: mimi mtu wa Tanga, nafanya kazi wodi ya watoto hapa Chicago, zamu za usiku. Kijana wangu ana miaka tisa na anapenda besiboli. Mimi mchezo huo nilikuwa siujui kabisa. Kwetu tumekua na Simba na Yanga. Sasa huyu mtoto katika timu zote za dunia akaipenda Chicago White Sox, kisa ndiyo ya upande wetu wa mji, kusini.

Jamani, timu ile! Mwaka 2024 ilicheza mechi 162 ikafungwa 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kufungwa mara nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Rekodi ya nyuma ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962. Katikati ya msimu walipigwa mechi 21 mfululizo. Kocha mkuu akafukuzwa Agosti. Shuleni watoto wakimwona mwanangu na kofia ile wanacheka. Anarudi nyumbani, anaitundika mlangoni, kesho anaivaa tena.

Februari 2025 timu ikaingia kambini na kocha mpya, Will Venable. Kambi iko Glendale, Arizona, kwenye joto, wakati sisi huku bado tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Na eneo lile wanashiriki na Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Yaani aliyeshika mkia na aliyeshika kombe ni majirani wa ukuta mmoja.

Hapo ndipo mtoto akanifundisha jambo la waalikwa. Kila timu ina orodha rasmi ya wachezaji 40. Lakini kambini wanaitwa na wengine wasiokuwa kwenye orodha hiyo: vijana kutoka timu za madaraja ya chini, na wakongwe waliowahi kung'aa kisha wakaachwa. Mara nyingi wanapewa jezi zenye namba kubwa kubwa, 70 na kitu, 80 na kitu. Wanafanya mazoezi yaleyale, wanakula meza ileile, ila hakuna aliyeahidiwa kitu. Ligi ikianza wanabaki 26 tu. Timu mbovu huwaita wengi, maana ina nafasi za kujaza, na mwalikwa naye huipenda timu mbovu kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka ule mmoja wao alikuwa Brandon Drury, mtu mzima mwenye miaka mingi ligi kuu. Msimu uliotangulia ulimwendea vibaya, akaja kama mwalikwa. Kambini akapiga mpira vizuri, kila mtu akaona huyu anaingia. Ghafla akavunjika kidole gumba, ligi haijaanza. Mwanangu aliniamsha usingizini, nimetoka zamu, kuniambia habari hiyo. Analia. Nikashangaa, kumlilia mtu asiyemjua?

Sasa turudi kwenye tumbo. Machi hiyohiyo, kila Jumamosi asubuhi: "Mama, tumbo." Nikamkagua kama ninavyokagua watoto wa wenzangu. Hana homa. Hatapiki. Choo hakina damu. Uzito haujapungua. Maumivu hayamwamshi usiku wala hayajakaa upande wa chini kulia. Yanakuja saa moja asubuhi, saa sita mchana hayapo. (Mtoto akiwa na hata moja kati ya dalili hizo nilizotaja, mpeleke akaonwe, usingoje.) Nikampa maji ya uvuguvugu, nikamwambia, "Jikaze, utachaguliwa tu."

Maana Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi. Alikuwa anajaribiwa kwenye timu ya watoto ya kulipia, ile inayosafiri. Wiki ya tatu akagoma kutoka chooni. Nikakaa chini sakafuni, nje ya mlango, na sare yangu ya kazi bado mwilini. Sikusema jikaze. Nikauliza, "Huko mazoezini kukoje?"

Kimya. Halafu akasema, "Wenzangu wote wamepewa jezi. Mimi kocha aliniambia niendelee kuja tu. Mama, mimi ni wa namba kubwa."

Mama wenzangu, nililia kimyakimya pale mlangoni. Kwa sababu na mimi nilikuwa wa namba kubwa. Nilifika nchi hii nikiwa nesi kamili wa miaka sita, nikaanza kwa kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea, huku vyeti vyangu vinakaguliwa. Mtihani wa leseni, NCLEX, nilifeli mara ya kwanza. Ukifeli unangoja siku 45 kabla ya kurudia. Siku 45 nzima watu walikuwa wananiambia, "Utapita tu." Walinitakia mema, lakini kila neno lile lilikuwa deni jipya kichwani. Mama yangu peke yake, akinipigia kutoka Tanga, hakuuliza mtihani. Aliuliza, "Mwanangu, umekula? Leo umesoma nini?" Nikimweleza, anasikiliza, na hata dawa moja hajui jina lake.

Na mimi nilikuwa nimempa mwanangu deni lilelile. Utachaguliwa tu! Nani aliniambia?

Nikamwambia kupitia mlango, "Inawezekana wasikuchague. Hata hivyo twende, nataka kuona unavyodaka." Akafungua.

Hawakumchagua. Nawaambia kabisa msije mkangoja muujiza. Alilia siku mbili, baba yake akataka kumwambia wanaume hawalii, nikamkata jicho, akanyamaza. Sasa anacheza ligi ya bustani ya mtaa, jezi ina namba 81, aliichagua mwenyewe. Tumbo la Jumamosi limekwisha.

Na timu yake je? Siku ya kwanza ya ligi, Machi 27, iliwafunga Los Angeles Angels 8 kwa 1, nyumba nzima tukaruka. Kijana mmoja wa kurusha, Shane Smith, ambaye mwaka 2021 hakuna timu iliyomchagua kwenye usajili wa vijana, Julai akaitwa kwenye mechi ya nyota. Lakini msimu ulipoisha wameshinda 60, wamefungwa 102. Bado walikuwa wabovu, jamani! Ila ulikuwa ushindi 19 zaidi ya mwaka uliotangulia, na kwa mwanangu hiyo ilikuwa sherehe.

Kwa hiyo, mama unayeniuliza: kagua mwili kwanza, usipuuze. Mwili ukiwa salama, angalia saa na siku tumbo linapouma, halafu kaa naye chini. Usimuulize "umeshinda?" wala usimwahidi usichokimiliki. Muulize kukoje huko anakokwenda. Kisha nyamaza umsikilize, hata kama chai inapoa.

Wiki ijayo homa za usiku, safari hii kweli. Nawe kama mwanao ni wa namba kubwa, niandikie hapa chini, tusimuliane. 🙏🏾