Mdudu hakuwa shambani

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Migori, na yaliyonikuta huko lazima niyaandike.

Niliandika kijiprogramu cha kumsaidia mama kupanga mahindi ya opon, yaani msimu wa mvua za vuli. Kila siku kinachukua joto la juu na la chini, kinatafuta wastani, kinatoa 10, kisha kinajumlisha. Mfano: 30 na 16, wastani 23, toa 10, unabaki na 13. Jumla ikifika kiwango fulani, mahindi yanatoa maua. Rahisi, sivyo?

Trekta ya kulima ilichelewa, ikafika Oktoba. Mama akanipigia: "Bado nipande H614?" Programu ikasema joto ni jingi, litafidia siku zilizopotea. Nikamwambia apande tu.

H614 ni mbegu ya nyanda za juu, inakaa shambani miezi sita hivi. Maua yakatoka Januari, jua kali, mvua imekwisha. Jirani alipanda wiki ileile, lakini mbegu ya muda mfupi. Yake yalitoa maua mapema Desemba, akavuna. Mahindi ya mama yalikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Karo ya mdogo wangu ilikuwa humo.

Nikarudi kusoma. Utafiti wa 2011, uliotumia majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi Afrika, ulionyesha kwamba kila digrii moja juu ya 30, kwa siku moja, inapunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikitosha. Kwenye ukame ni asilimia 1.7. Joto kali linaua chavua. Ngano nayo ikichelewa kupandwa hujaza punje wakati wa joto: hukomaa haraka, punje zikasinyaa. Aina za muda mfupi huponea kwa kutangulia.

Programu yangu ilihesabu kila digrii kuwa faida. Mdudu alikuwa humo! Sasa digrii za juu ya 30 zinahesabiwa kando kama hasara, na kabla ya yote inauliza: mbegu gani, na itatoa maua lini?

Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kama hiyo kompyuta imewahi kushika jembe.

Ni hayo kwa leo.