Si Kila Uyoga ni Kam'a



Sifa zote njema zamstahiki Allah, ambaye hakuteremsha maradhi ila aliteremsha na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetuamrisha tujitibu. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kwa muda sasa, kila tukitoka sala ya Ijumaa, naletewa makopo niyasome. Huyu ana kahawa, yule ana kapsuli, mwengine ana majani ya chai, na vyote husemwa vina uyoga mmoja ndani yake. Wachina huuita lingzhi, Wajapani reishi, na wataalamu huuita Ganoderma. Wauzaji wake hapa kwetu Barani, kuanzia Mambrui hadi Takaungu, si wageni. Ni shangazi, ni shemeji, ni kijana tuliyemsomesha chuoni. Na swali ninaloulizwa ni moja: “Sheikh, hii ni halali?”

Jawabu lake ni jepesi. Asili ya vitu ni uhalali, na uyoga usiodhuru wala kulevya hauna katazo. Kapsuli ndiyo ya kuchunguzwa, kwani ganda lake huenda likawa ni jelatini ya mnyama, na yafaa kujua ni mnyama gani. Lakini liko swali zito kuliko hilo, nalo haliulizwi: je, yanayosemwa juu ya kopo hili ni kweli, na akidhurika mtu, dhamana ni ya nani?

Nimelazimika kuliandika hili kwa sababu ya mzee mmoja wa msikiti wetu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta amekonda, kinywa kimemkauka, na haachi kuomba maji. Mkewe akaniambia kwa sauti ya chini, “Sheikh, muulize sindano zake ziko wapi.” Nilipomuuliza alinionyesha kopo. “Mwalimu, sindano nimeziacha. Hii ni tiba ya Mtume. Nimeambiwa iko katika Bukhari.” Bei ya kopo lile ilishinda dawa zake za mwezi mzima. Jioni ile ile wanawe walimpeleka hospitali, na alhamdulillahi alirudi nyumbani akiwa hai.

Basi tuitazame hiyo hadithi. Ni sahihi bila ya shaka, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (R.A.). Ndani yake Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa kam'a ni katika jinsi ya manna, na kuwa maji yake ni shifaa ya jicho. Kam'a ni aina ya uyoga unaokua chini ya mchanga wa jangwa baada ya mvua. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaujua kwa jina la faga, na msimu wake ukifika huuzwa sokoni kwa bei kubwa. Hauna shina wala mwavuli. Umbo lake ni la mviringo kama kiazi. Huo si lingzhi, ambao ni mgumu kama ubao na huota kwenye magogo na mashina ya miti.

Zingatia, ndugu yangu, jinsi maneno ya Mtume yalivyopimwa. Ametaja kitu mahsusi, sehemu yake mahsusi, na kiungo mahsusi. Hakusema uyoga wote ni dawa, wala hakusema kam'a ni dawa ya kila maradhi. Na juu ya hayo, wanavyuoni hawakuchukua maji yale wakayatia machoni papo hapo. Ibn al-Qayyim amenakili kauli mbalimbali: wako waliosema yachanganywe na dawa nyengine za macho, wako waliosema kam'a ichomwe kwanza ndipo ikamuliwe, na wako waliosema yatumiwe peke yake. Imam Nawawi naye amemtaja mtu wa zama zake aliyepofuka, akayatumia maji hayo, akarudi kuona. Amemtaja kwa jina na kwa sifa ya uaminifu, ili habari isibaki kuwa uvumi. Ikiwa hivyo ndivyo walivyofanya juu ya kitu kilichotajwa na Mtume mwenyewe, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuyabandika maneno yake juu ya kopo ambalo hakulitaja?

Hata hivyo, insafu yatutaka tuseme na mazuri yake. Wachina wameutumia lingzhi kwa zaidi ya miaka 2,000, wakiuchemsha na kunywa maji yake machungu. Katika maabara imeonekana kuwa viungo vyake huweza kuchangamsha chembe za kinga ya mwili. Mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, unaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima, ulitoa tathmini juu ya uyoga huu na saratani mwaka 2012, kisha ukaihuisha mwaka 2016. Ilikusanya majaribio 5 yenye wagonjwa 373. Waliopewa uyoga pamoja na tiba ya hospitali walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi, lakini uyoga peke yake haukuonyesha athari hiyo, na haikuthibiti kuwa unarefusha maisha ya mgonjwa. Mwaka 2015 walitazama majaribio mengine 5 yenye watu 398, wengi wao wenye kisukari. Hawakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake katika kushusha sukari, presha wala mafuta ya damu. Natamani mzee wetu angaliambiwa hayo kabla ya kuziweka sindano kabatini.

Ama madhara yake, yapo. Uyoga huu huweza kuizuia damu isigande upesi. Kwa hivyo ni hatari kwa anayetumia warfarini au aspirini, na kwa anayengojea kupasuliwa. Mwaka 2004 huko Hong Kong, na mwaka 2007 huko Thailand, madaktari waliandika habari za wagonjwa walioharibika ini baada ya kutumia lingzhi ya kutengenezwa. Yule wa Thailand, aliyekuwa akitumia unga wake, alifariki. Visa kama hivi ni vichache, lakini ini la mtu ni moja.

Na wako wanaosema, “Kwa nini ninunue, na msituni upo?” Hawa nawahofia zaidi. Wenyeji wa karibu na misitu yetu wanaujua uyoga wanaokula, nao wamerithishana elimu hiyo. Anayeokota kwa kufananisha na picha ya simu hana elimu hiyo. Upo uyoga wenye sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kukaushwa. Mtu huula akalala salama, na baada ya saa 6 au 12, au hata zaidi, ndipo huanza kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu, watu wakashukuru, kumbe ini linaharibika. Atakayehisi hali hiyo akimbizwe hospitali pamoja na kipande cha uyoga alioula, asingojee nafuu.

Narudi kwenye dhamana. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanavyuoni wakajenga juu yake hukumu za fidia. Dada yangu unayeuza makopo haya upate ada ya watoto, biashara yako sikuharamishii. Uza kahawa kama kahawa. Lakini siku utakapomwambia mgonjwa aache dawa yake, umeingia katika hadithi hiyo, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Na wewe mnunuzi, muonyeshe daktari wako kopo kabla hujalifungua. Uliza kama limesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu kuwa ni dawa, kwani kuruhusiwa kuuzwa kama chakula ni jambo jengine. Usiache dawa ya kisukari, presha wala kifafa kwa neno la muuzaji. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe. Ukiona macho yamegeuka rangi ya manjano, au mkojo umekuwa wa rangi nzito, acha mara moja uende hospitali. Na atakayekwambia kuwa kitu kimoja hutibu saratani, kisukari, utasa na presha, mtake ushahidi kama ungalivyomtaka ushahidi anayekudai shamba.

Twamuomba Allah, Mwenye kuponya, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie ndimi zisizozidisha juu ya tunayoyajua. Wabillahi tawfiq.