Fungate ya Diani na pesa ya korosho

Binti yangu aliponionyesha kwenye simu hoteli ya Diani, Kenya, nilimjibu: "Mwanangu, mimi fungate nilikaa siku saba ndani, hapa hapa Kitangari." Akacheka. Kisha akanitajia bei, nikanyamaza.

Harusi tuliipanga Desemba, kama wengi huku. Minada ya korosho huanza Oktoba na pesa huingia baadaye, mwaka mwingine kwa kuchelewa sana. Hatukujua kwamba Desemba ndiyo hoteli za pwani hupandisha bei, kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Mkwe wangu akataka kukopa. Hapo nikaingilia kati. Sikutaka waanze ndoa na deni la vitanda vya wiki moja.

Nikamwambia binti apige simu hotelini, aulize kama kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, kama chakula kimo, na kama wakiahirisha pesa itarudi. Mhudumu ndiye aliyemshauri waje Mei, wakati wa masika. Bei ilishuka karibu nusu.

Shangazi zake walinuna: fungate baada ya miezi mitano ni fungate gani? Hata mimi nilisita.

Walikaa siku tano, tatu za mvua. Wamerudi bila deni, na salfa ya mikorosho wamenunua. Katika picha aliyonitumia hawapo ufukweni. Wamekaa barazani, wamejifunika shuka moja, wanaangalia mvua.