Jeki Kabla ya Spana

Kilichoniudhi katika safari ya Handeni si matope. Masika ni masika. Kilichoniudhi ni fundi mmoja wa Korogwe aliyeitazama Bedford yetu kwa muda mfupi, akapiga teke tairi la mbele, akatangaza kuwa difu imekufa, ishushwe, na pesa itangulie.

Lori lenyewe ni RL ya jeshi, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953. Kazi yake ni kuingia mahali ambapo Fuso haithubutu. Tatizo ni kwamba dereva alikuwa akivuta mkono wa fowili, mkono unakuja, lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Tulikuwa na mabomba ya maji ya kupeleka kijijini, tukaondoka bila kumlipa fundi. Lami ya Korogwe hadi Handeni, kilometa 65, haikutusumbua.

Tulikwama kesho yake, tulipoiacha lami kuelekea Kwediboma. Magurudumu ya nyuma yalichimba hadi ekseli ikalala kwenye tope, ya mbele yametulia tu. Wanakijiji wakaja na majembe, na kwa jasho jingi lori likatolewa kinyumenyume hadi penye udongo mgumu. Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja mwenye kandambili, dereva mstaafu wa jeshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Fowili haishiki?"

Dereva akamsimulia habari ya difu. Mzee akamkata kauli. "Huyo fundi aliinua gurudumu?"

"Hapana, mzee."

"Sasa amejuaje?"

Aliagiza magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, akainua gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki iliyokalia kipande cha mbao. Injini imezimwa, gia iko namba moja, mkono wa fowili umevutwa. Akaniambia nichungulie propela ya mbele kutoka pembeni, nisithubutu kuingia chini. Kisha akalizungusha gurudumu kwa mikono yake.

"Propela inazunguka?"

"Inazunguka, mzee."

"Basi difu yenu nzima. Gurudumu linazungusha hafu shafti, hafu shafti inazungusha difu, difu inazungusha propela. Hafu shafti ingekuwa imekatika, gurudumu lingezunguka na propela imelala. Na fowili ingekuwa imeshika kweli, gurudumu hili lisingegeuka. Ugonjwa uko kule propela inakoanzia."

Yaani kwenye transfa kesi. Hata huko hakutaka spana kwanza. Alimwambia dereva avute na kurudisha mkono ule, yeye akitazama fito zinazoungana nao. Mkono ulikwenda mwendo wake wote. Ufito wa mwisho ulisogea kidogo tu. Penye kiungo pini haikuwepo. Palikuwa na msumari uliopindwa, na tundu limelika likawa pana. Mwendo wote wa mkono ulikuwa unapotelea hapo.

Tulitoa bolti moja kwenye bodi, tukaifunga kwa washa na nati. "Sasa wewe zungusha gurudumu taratibu," akaniambia, "meno yatafutane." Dereva akavuta. Nikasikia *kach*, na gurudumu likagoma mikononi mwangu. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, halikusogea. Sijawahi kufurahia kushindwa na kitu kama siku ile.

Wakati tunaosha mikono alieleza alikojifunza. Alikuwa dereva katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa na majeshi ya Amin, mvua zikaja, na lori likigoma njiani hakuna gereji wala vipuri. "Ilibidi ujue ugonjwa ulipo kabla ya kufungua nati moja. Ukifungua pasipo na ugonjwa, umeongeza ugonjwa."

Akatuonya pia tusisahau kufungua fowili tukifika lami. Lori likipinda, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo huishia katika kuteleza. Kwenye lami shafti na gia ndizo hubanana. Mkono ukikataa kutoka, rudi nyuma mita chache, utalegea.

Mabomba yalifika jioni ile.

Hasira yangu kwa yule fundi imepungua, haijaisha. Vijana wengi wa gereji wamekulia kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na kutojua si kosa. Kudai pesa kwa kubahatisha ni kosa, na ndivyo malori mazima yanavyoishia kuuzwa chuma chakavu.

Kwa hiyo wewe mwenye lori la aina hii, ukiambiwa difu imekufa, dai kwanza gurudumu moja la mbele liinuliwe mbele ya macho yako, lizungushwe, na propela itazamwe. Kabla ya hapo usitoe hata shilingi.