Bibi wa Kigoma Kando ya Superior

Mama alipotoka Kigoma kuja kututembelea Minneapolis, wanangu walimwambia "Shikamoo, Bibi" kisha wakakwama. Mengine yote nilikuwa natafsiri mimi. Julai tukampeleka kupiga kambi Gooseberry Falls, mwendo wa saa tatu na kitu kwa gari, kando ya Ziwa Superior.

Kwanza alishangazwa na kuni. Huruhusiwi kuja nazo kutoka nyumbani, zisije zikaleta wadudu wanaoua miti; unanunua kwa wauzaji walioidhinishwa. "Mko porini, na kuni mnanunua!"

Kisha akatia mguu ziwani, akautoa mbio. Maji ni ya baridi kali hata kiangazi.

Mwanangu wa miaka kumi akajigamba: Superior ina kilomita za mraba 82,000 hivi, Tanganyika haifiki hata nusu yake. Nikatafsiri. Mama akacheka. "Mwulize kina." Tukatazama kwenye simu: Superior mita 406, Tanganyika kama 1,470. Kijana kimya.

Usiku, tukiota moto, Mama akasimulia taa za wavuvi wa dagaa, zinavyowaka ziwani usiku wa giza utadhani ni mji, na jinsi wavuvi wanavyopumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa kuwa dagaa hawazifuati taa. Nikafungua mdomo nitafsiri. Kijana akanishika mkono.

"Ngoja, Baba. Bibi, dagaa ni nini?"

Mama anaondoka Septemba. Hema bado limo ndani ya gari.